Fungu la Asiyekuwepo: Adabu za Chakula katika Mji wa Kudus



Msomaji mpendwa, aghalabu tunapozungumzia chakula katika kurasa hizi za familia, huzungumzia kilicho halali na kilicho haramu, kilicho tohara na kilicho najisi, na mazungumzo huishia hapo. Maswali hayo ni ya msingi, wala hakuna Muislamu anayeweza kuyapuuza. Lakini lipo swali jingine ambalo dini yetu imelifundisha tangu mwanzo, nalo ni hili: chungu kikishaepuliwa, ni nani anayefikiriwa ambaye hayupo mkekani? Mtume Muhammad (SAW) alimuusia Abu Dharr (RA) kwamba apikapo mchuzi auongeze maji na awaangalie jirani zake. Usia huo haumhusu aliyekwishakaa kwenye sinia. Unamhusu aliye nyuma ya ukuta, ambaye harufu imemfikia ilhali chakula hakijamfikia.

Juma hili tunapenda kumchukua msomaji hadi katika mji mmoja wa Indonesia ambao watu wake wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa vitendo kwa karibu karne 5. Mji huo ni Kudus.

Kudus uko katika jimbo la Java ya Kati, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Semarang, mji mkuu wa jimbo hilo. Jina lake limetokana na al-Quds, mji mtukufu wa Palestina, na msikiti wake mkongwe ukapewa jina la al-Aqsa. Jiwe lililowekwa juu ya mihrabu lina maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka 956 Hijria, yaani 1549 Miladia. Muasisi wake ni Sheikh Ja'far Shodiq, ajulikanaye zaidi kwa jina la Sunan Kudus, mmoja wa mawalii 9 ambao wenyeji huwaita Wali Songo, na ambao uenezi wa Uislamu katika kisiwa cha Java hunasibishwa nao. Mgeni afikapo msikitini hapo hushangazwa kwanza na mnara. Umejengwa kwa matofali mekundu, una urefu wa takriban mita 18, na umbo lake ni la mahekalu ya Kihindu yaliyokuwepo Java kabla ya Uislamu. Aliyeujenga hakutaka wenyeji wauone mnara wa adhana kama kitu kilichoshuka kutoka nchi ya mbali. Alitaka wausikie wito mpya kutoka katika jengo ambalo macho yao yamelizoea.

Wala mji huu hauko mbali nasi kama ramani inavyoonesha. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia. Katika karne ya 19 ukastawi Unguja na Pemba; kisha, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, karafuu za Zanzibar zikawa zinasafirishwa kwenda Indonesia kutiwa katika sigara za karafuu ziitwazo kretek, ambazo chimbuko lake ni Kudus. Sigara hatuzisifu, na madhara yake yanajulikana. Tunalitaja jambo hili ili msomaji ajue kwamba jasho la wachumaji wa Pemba lilikwishafika katika viunga vya Java zamani, kabla kalamu yetu haijafika.

Sasa tuingie katika chakula chenyewe, na tuanze na kile kisichopikwa.

Katika karne ya 16, Sunan Kudus alipoanza kulingania, wengi wa jirani zake walikuwa Wahindu, na ng'ombe kwao alikuwa mnyama wa kuheshimiwa. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kwamba Sheikh alimleta ng'ombe aliyepambwa, akamfunga katika uwanja wa msikiti. Watu wakaja kutazama, maana kila mmoja alitaka kujua Waislamu watamfanya nini mnyama yule. Hakuchinjwa. Sheikh akawasimulia kwamba zamani aliwahi kushikwa na kiu kali, akanusuriwa kwa maziwa ya ng'ombe aliyopewa na Mhindu, na kwa hiyo anawaomba wafuasi wake wasichinje ng'ombe katika mji ule. Yasemekana kisha akawazungumzia sura ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ambayo jina lake ni Ng'ombe. Yapo mengi katika masimulizi ya kale yasiyoweza kuthibitishwa neno kwa neno. Lakini matunda yake yanaonekana kwa macho: hadi leo, wenyeji wa Kudus kwa desturi hawachinji ng'ombe. Hata Idd el-Adh'ha inapofika, wanaochinjwa ni mbuzi, kondoo na nyati wa kufugwa, yule wa nchi za mpunga anayevuta jembe katika majaruba, si mbogo wa mwituni tumjuaye sisi.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba Wahindu wa Kudus leo ni wachache sana. Mji umekuwa wa Kiislamu, una madrasa na vyuo, na wanafunzi hutoka mbali kuja kusoma. Lau desturi ile ingekuwa hila ya kuwavuta watu tu, ingetupwa mara baada ya watu kuvutika. Haikutupwa. Mjukuu wa mjukuu wa Mhindu aliyesilimu anaendelea kuheshimu hisia za babu yake, na mapishi ya mji mzima yamejengwa juu ya heshima hiyo.

Tazama supu yao mashuhuri, soto. Katika miji mingine ya Java soto ya nyama ya ng'ombe ni kitu cha kawaida, lakini soto ya Kudus ni ya kuku au ya nyati. Supu yake ni nyepesi, ina rangi ya manjano, na huletwa katika bakuli dogo lenye wali ndani yake, nyama iliyochambuliwa, choroko zilizochipua na kitunguu saumu kilichokaangwa, pamoja na kipande cha ndimu. Zamani muuzaji alikuja na mzega begani, chungu upande mmoja na vyombo upande wa pili, na yapo mabanda ambayo hata leo chungu hukaa juu ya mzega huo ingawa hauzunguki tena mitaani. Bakuli ni dogo kiasi kwamba mgeni mwenye njaa hudhani amepunjwa. Atakaye zaidi huomba la pili. Asiyetaka haachi mabaki. Anayehudhuria karamu zetu, akaona wali unavyokwanguliwa kutoka kwenye masinia kwenda jaani, ataelewa hekima ya bakuli dogo.

Au tazama mishikaki yao ya nyati. Nyama hiyo ni ngumu, na kwa hiyo hupondwa, ikachanganywa na giligilani, ukwaju na sukari ya mnazi, kisha ikashikizwa kwenye vijiti na kuokwa juu ya makaa. Huliwa kwa mchuzi mzito wa karanga na nazi iliyokunwa na kukaangwa. Ladha yake ni tamu kwa ndani na kali kwa juu. Ugumu wa mnyama ulimlazimu mpishi kubuni, na kilichobuniwa kikawa fahari ya mji. Vivyo hivyo kifungua kinywa chao, lentog, ambacho ni wali uliofungwa katika jani la mgomba ukachemshwa hadi ukashikana, ukakatwa vipande na kumiminiwa mchuzi wa fenesi changa na tofu kwa tui la nazi. Huandaliwa juu ya jani la mgomba, na kwa desturi hata kijiko chake ni kipande cha jani hilo hilo kilichokunjwa. Ni chakula cha mkulima anayewahi shambani, na hakimtaki mlaji awe na fedha nyingi.

Hapa msomaji makini atauliza: je, huko si kujiharamishia kile alichokihalalisha Mwenyezi Mungu (SW)? Swali ni zito, na linastahili jibu. Sunan Kudus hakusema ng'ombe ni haramu, na hakuna mwanachuoni wa Kudus asemaye hivyo. Kuharamisha ni jambo moja, na kuacha kwa sababu njema ni jambo jingine. Tunayo katika Sunna habari ya Mtume (SAW) alipoletewa nyama ya kenge wa jangwani. Hakuila, na alipoulizwa kama ni haramu akabainisha kwamba sivyo, ila hakuizoea katika ardhi ya watu wake. Khalid bin Walid (RA) akaivuta na kuila mbele yake. Kuacha hakukuwa kuharamisha. Tena katika Surat al-An'am, aya ya 108, waumini wamekatazwa kuwatukana wale wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu, kwa kuchelea wenye kuwaabudu wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Tunajifunza hapo kwamba haki inaweza kufikishwa kwa namna inayoifunga mioyo au kwa namna inayoifungua. Na ibada ya udh'hia haikupungua chochote, kwani nyati kwa mujibu wa wanavyuoni ni katika jinsi ya ng'ombe, na hutosha kwa watu 7 kama yeye. Watu wa Kudus hawakuacha wajibu wala Sunna yoyote. Waliacha nyama moja kati ya nyama nyingi, na badala yake wakapata majirani, kisha ndugu.

Asiyekuwepo wa kwanza, basi, ni jirani wa imani nyingine. Wa pili ni mke na watoto waliobaki nyumbani.

Katika Java, familia inapopata jambo, iwe ni mtoto kuzaliwa, safari ya Hija au msiba, huwaita wanaume wa mtaa kwenye kenduri, mara nyingi baada ya swala ya magharibi au isha. Watu huketi juu ya mikeka, imamu husoma, tahalili huletwa, dua huombwa. Mpaka hapo hakuna kitakachomshangaza mtu wa Tanga, Lamu au Unguja. Ni hitima kama zetu. Kinachotofautiana ni chakula. Mgeni hula kidogo, au hali kabisa, kisha hukabidhiwa fungu lake katika kikapu cha mianzi au katika boksi: wali, kipande cha kuku, yai, mboga, na pengine kitamu. Fungu hilo huitwa berkat, neno ambalo masikio yetu hulitambua mara moja, kwani ni baraka. Mwanamume hurudi nyumbani na baraka mkononi. Watoto hawajalala, wanamngoja. Fungu hufunguliwa mkekani, mke na watoto na mama mkwe wakala kutoka katika dua ambayo hawakuwepo iliposomwa. Kwa utaratibu huo mwaliko wa mtu mmoja hugeuka kuwa mwaliko wa nyumba nzima, na hakuna baba anayeshiba pilau ya watu huku wanawe wakilala kwa uji.

Asiyekuwepo wa tatu ni maskini. Kila ifikapo tarehe 10 Muharram, siku ya Ashura, pazia la kitambaa cheupe linalozunguka kaburi la Sunan Kudus hubadilishwa. Hatukusudii kufungua hapa mjadala wa makaburi, ambao una mahali pake na wanavyuoni wake. Tunakusudia kuangalia jikoni. Kabla ya siku hiyo watu huleta mchele, mbuzi na nyati kama sadaka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 hugawiwa uji wa Ashura, uliochanganywa nafaka na kunde za aina kwa aina, ambao wazee huunasibisha na Safina ya Nabii Nuhu (AS). Wapishi wa kujitolea hukesha wakipika nyama kwa chumvi na ukwaju, kisha wali na nyama hufungwa katika majani ya mtiki, vifurushi maelfu kwa maelfu. Kabla ya alfajiri foleni imekwishajipanga kuelekea msikitini. Katika foleni hiyo tajiri na fukara hupokea kifurushi kilicho sawa, na kwa kuwa jani halina mapambo, hakuna ajulikanaye kuwa amekuja kwa baraka na nani amekuja kwa njaa. Hiyo ndiyo sitara ya sadaka. Aliyefunga Ashura hukiweka kifurushi chake hadi magharibi.

Na wa nne ni msafiri. Siku chache kabla ya Ramadhani hufanyika soko liitwalo Dandangan katika barabara za jirani na msikiti. Jina hilo, wasemavyo wenyeji, limetokana na mlio wa ngoma kubwa ya msikiti, iliyokuwa ikipigwa enzi za Sunan Kudus kutangaza kuingia kwa mwezi mtukufu. Mwezi unapoingia, huko na katika miji mingine ya Indonesia, huonekana watu wamesimama kando ya barabara jioni, wakiwapa wapitao vitu vyepesi vya kufuturia ili adhana isimkute mtu njiani mikono mitupu. Kimoja kati ya vifuturisho hivyo ni kolak, ndizi zilizopikwa kwa tui la nazi na sukari. Mama wa Kiswahili akionjeshwa atauliza tu kwa nini hawakutia iliki.

Indonesia inayo sheria ya kudhamini bidhaa halali, Sheria Na. 33 ya mwaka 2014, inayotaka vyakula vithibitishwe kabla ya kuuzwa. Ni sheria njema. Lakini haya manne tuliyoyaeleza hayamo katika sheria yoyote. Hakuna ofisi inayotoa cheti cha kumfikiria jirani. Hayo huandikwa katika nafsi za watoto, nao huyasoma kwa kutazama jinsi wazee wao wanavyopakua.

Sasa turudi kwetu, ndugu msomaji. Yako mambo ambayo sisi ndio tuliofikiriwa. Katika mitaa yetu ya Tanzania, jirani Mkristo anapomwoza mwanawe, mara nyingi humwita Muislamu amchinjie kuku na mbuzi, ili majirani zake Waislamu waje wale bila wasiwasi. Dini yake haimlazimishi kufanya hivyo. Wengine hutenga hata masufuria na wapishi. Mwaka baada ya mwaka tumekula karamu hizo, tukashukuru, tukaenda zetu. Adabu ile ya Kudus, basi, tumeishi nayo miaka yote, ila kwa upande wa kupokea. Swali ni je, kwa upande wa kutoa sisi tunamfikiria nani?

Hatuwaambii watu waache nyama ya ng'ombe. Hali ya Kudus ni ya Kudus. Lakini katika miji yetu wako majirani wa dini ya Kihindu, na Idd el-Adh'ha hutokea ng'ombe akachinjwa uchochoroni, mbele ya mlango wa mmoja wao, na damu ikaachwa itiririke hadi kizingitini kwake. Kuvuta pazia, kuchagua ua wa nyuma, kufukia damu na kusafisha mahali kabla ya adhuhuri hakupunguzi thawabu ya mchinjaji. Huenda kukaziongeza.

Vilevile katika hitima na maulidi yetu. Sisi tunaoshughulika na mambo ya msikiti, hesabu ya masinia tunaijua: masinia ya ukumbini huhesabiwa kwanza, na waliopika uani, ambao ni mama zetu na wake zetu, hupata kilichobaki, pengine ukoko. Ingetugharimu nini tukianza kwa kutenga? Kabla sinia la kwanza halijatoka, litengwe fungu la wapishi, fungu la mgonjwa aliyeshindwa kuja, fungu la mlinzi wa mtaa, na fungu la yule mjane ambaye watu hukumbuka kumwalika lakini husahau kwamba hana wa kumwachia watoto. Na anayealikwa asione haya kubeba fungu kwenda nalo nyumbani, wala mwenyeji asimcheke abebaye. Penye desturi ya kubeba hakuna aibu ya kubeba. Aibu ni ya chakula kitupwacho.

Wazazi nao wanaweza kuanza leo jioni. Mtoto apewe kibakuli apeleke kwa jirani kabla hajala yeye. Atakwenda kwa kunung'unika mara ya kwanza, mara ya pili na ya tatu. Mara ya kumi atauliza mwenyewe, "Mama, cha jirani kiko wapi?" Siku atakapouliza hivyo, malezi yatakuwa yamekwishakita.

Mwenyezi Mungu (SW) atujaalie riziki ya halali, na katika riziki hiyo atupe macho ya kumwona asiyekuwepo. Amin.

Wabillahi tawfiq.